Mama, usiifiche sigiri yako

Mama mmoja wa Katwe, hapa Kampala, aliingia ofisini kwetu kuomba msaada, na watoto wawili pekupeku. Akaapa kwamba hana biashara yoyote, anaishi kwa huruma ya majirani. Lakini unga wa ngano ulikuwa umemkaukia kwenye kucha. Tulipomtembelea siku mbili baadaye, sigiri na ubao wa kusukumia chapati vilikuwa uvunguni, na kabla hatujakaa vizuri jirani akapiga hodi kuulizia chapati zake.

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Wanaambiana kwamba ukionekana una chochote, jina lako linakatwa. Basi wanavaa kitenge kilichochanika, wanaacha simu nyumbani, wanakana hata kikundi cha akiba. Jamani, nimechoka.

Msaada wa chakula na wa dharura, sawa, huangalia nani ana njaa. Mtaji ni jambo jingine: huwekwa juu ya kitu kilichopo. Mama anayekanda kilo tatu za ngano kwa siku, nikimwezesha kununua mfuko mzima kwa bei ya jumla, faida inaonekana wiki hiyo hiyo. Asiyewahi kuuza hata nyanya itabidi aanzie kwenye mafunzo. Kwa hiyo anayeficha sigiri anaficha sababu ya kusaidiwa. Tena sisi hufika nyumbani na kumuuliza mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, na ukishanaswa kwa uongo mmoja hata la kweli linatiliwa shaka. Yule mama alikuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili kwelikweli, ila ilinibidi nikamuulize mwenye nyumba.

Njoo na daftari. La shule linatosha: umenunua nini, umeuza nini, nani anakudai, mmekula nini. Wenzangu hunicheka kwa wimbo huu wa daftari, lakini kurasa mbili za hesabu, hata zenye madoa ya mafuta, hunipunguzia nusu ya kazi. Kitabu cha kikundi cha akiba nacho kilete.

Na kuna maneno mengine yanayozunguka. "Fomu ya msaada inauzwa." Haiuzwi. Anayekudai hela akuandikishe ni tapeli, hata awe na kitambulisho shingoni.

"Hela ya PDM ni zawadi ya serikali." Huo ni mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, na hela yake ni mkopo, hadi shilingi 1,000,000 kwa mtu, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. UWEP, mpango wa serikali wa wanawake wajasiriamali, pia ni mkopo, wa vikundi vya wanawake, usio na riba mkiulipa ndani ya mwaka wa kwanza.

"Baba wa mtoto hatukuoana, siwezi kumdai." Hili nalo huniuma. Sheria ya Watoto haiulizi cheti cha ndoa, inauliza mzazi ni nani. Unaweza kuomba amri ya matunzo hata ungali mjamzito, na mlango uko wazi mpaka mtoto afikishe miaka 18. Anzia kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, nao huwasaidia wanawake kisheria. Na msaada wetu haumfutii baba wajibu wake.

Yule mama wa Katwe alirudi jana na daftari la mwanawe wa P3, darasa la tatu, kaligeuza nyuma mbele. Ngano kilo 3, mafuta nusu lita, makaa. Mauzo hakuandika. Anasema hayo ni siri yake.