Hapa mwenye njaa ni nani? Dhana potofu kando ya kitanda cha anayekaribia kufa

Wiki za mwisho za shangazi yangu nilikaa na kijiko mkononi. Akifumba mdomo, nasubiri. Akiufumbua kidogo tu, nakipenyeza. Siku moja akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nesi aliyekuwa akija kumtazama akanichukulia kile kijiko bila kunigombeza, akaniuliza, "Hapa mwenye njaa ni nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeuguza wengine wawili, na swali lake ndilo ninalopimia mengi tunayoambizana mgonjwa anapofikia siku zake za mwisho.

"Asipokula, njaa itamuua."

Kinachomwondoa ni ugonjwa. Hamu ya chakula imekwisha kwa sababu mwili unafunga kazi zake moja moja. Kumeza kunakuwa kugumu, tumbo linalegea, na chakula cha kulazimishwa huweza kuingia njia ya hewa au kukaa tu tumboni kikamletea kichefuchefu. Akitaka mwenyewe, na yuko macho, mwinue umpe kidogo cha kile anachokipenda. Asipotaka, basi.

Hapo ndugu husema, "Angalau awekewe dripu." Wapo ambao daktari ataona inawafaa. Lakini siku za mwisho kabisa moyo na figo zimechoka, na maji hayo mara nyingi huishia kuvimbisha miguu na kujaza mapafu na koo. Kinachomsumbua zaidi ni ukavu wa kinywa, na huo una dawa nyepesi: kitambaa laini kilicholoweshwa maji na kukamuliwa vizuri, upitishe midomoni, kwenye ufizi na ulimini, kila mara, kisha mafuta kidogo kwenye midomo. Kazi hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya kijiko changu.

"Anakoroma vile, anakabwa!"

Hii ndiyo sauti inayowatoa watu chumbani. Ni mate na makohozi yaliyokaa kooni kwa kuwa mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa; hewa ikipita juu yake, inagugumia. Mara nyingi yeye mwenyewe ameshazama mbali kiasi cha kutosumbuka. Mgeuze alale ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Mashine ya kunyonya kwa kawaida haifiki yalipo makohozi, na inaumiza.

Pumzi nazo hubadilika. Zinakuja kwa kina, zinafifia, halafu kimya: sekunde 10, 20, pengine zaidi. Mlioketi mnajikuta nanyi mmebana pumzi. Kisha zinarudi. Upumuaji huu unaitwa Cheyne-Stokes, kwa majina ya madaktari wawili wa Dublin walioueleza karne ya 19. Mtazame usoni ndipo ujue hali yake: kama paji la uso limelegea na mabega hayapandi, hana taabu. Kama amekunja uso na anavuta hewa kwa shida, waite wahudumu, na wakati mnawasubiri fungua dirisha au umwelekezee feni usoni. Upepo mwepesi usoni unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

"Morfini ndiyo huwamalizia."

Dhana hii inawaumiza watu kweli kweli, maana wapo wanaoificha dawa. Morfini, dawa kali ya maumivu, huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa kadiri ya maumivu, na hutuliza pia ile hisia ya kukosa hewa. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishi mtu. Kwa kuwa hutumika sana karibu na mwisho, lazima kuna dozi itakayokuwa ya mwisho, na aliyeitoa hubaki akijilaumu. Lakini hata anayekunywa vidonge vya presha ana kidonge chake cha mwisho, na hakuna anayekituhumu. Shirika la Afya Duniani limeiweka morfini katika orodha yake ya dawa muhimu. Uraibu si hofu ya wakati huu. La kuangalia ni kufunga choo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha choo mapema. Na kipimo usikipandishe wala kukipunguza kwa uamuzi wako.

Ndugu wa dhana hiyo ni ile isemayo kwamba huduma shufaa, yaani ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu na taabu nyingine, ni kukata tamaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Kati ya waliopewa huduma shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida, nusu waliishi zaidi ya miezi 11.6. Kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake, ilipofika miezi 8.9 nusu walikuwa wameshafariki.

"Mikono ya baridi, mwongezeni blanketi."

Damu inakimbilia viungo vya ndani, ndiyo maana mikono na miguu hupoa na magoti huweza kuwa na mabaka ya zambarau. Yeye huenda hasikii baridi hata kidogo. Shuka jepesi latosha.

"Hasikii tena."

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa hawaitikii chochote, saa chache kabla ya kifo. Wa baadhi yao uliendelea kuitikia mabadiliko ya sauti. Kama walielewa, kipimo hakiwezi kusema. Lakini inatosha kuwafanya watu waache kujadili mali juu ya kichwa cha mtu. Mtaje jina, mwambie ni nani ameingia, mshike mkono.

"Anaongea na waliokufa, akili imeruka."

Huko Buffalo, Marekani, utafiti wa mwaka 2014 uliwahoji wagonjwa 59 waliokuwa wakikaribia kufa, na asilimia 88 walisema wameota au kuona jambo la namna hii. Kuwaona wapendwa waliotangulia kuliwafariji kuliko mengine yote. Usibishane naye, muulize, "Anasemaje?" Ila akihangaika, akivutavuta shuka na kutaka kushuka kitandani, mwite nesi: huenda kibofu kimejaa, choo kimefunga au kuna maumivu.

"Ameamka, anapona!"

Wengine huchangamka ghafla, wakaongea, wakaomba chakula, kisha wakafariki baada ya saa au siku chache. Usiutumie muda huo kupiga simu kutangaza uponyaji. Kaa naye.

"Nisipokuwepo dakika ile, nimemtupa."

Wapo wanaoondoka hasa mtu anapotoka kidogo. Shangazi alikata roho nilipokwenda kubadilisha maji ya kitambaa. Sikukaa hata dakika tatu. Niliporudi nikaweka bakuli chini, nikakamua kitambaa, nikampangusa midomo kama nilivyokuwa nimetaka kufanya.