Tiketi mbili, begi moja: nani atalifikisha mwisho wa safari?

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Tiketi ya kwanza nimekata shirika hili la ndege, ya pili shirika lile. Begi langu litapita lenyewe mpaka mwisho, au nitalichukua njiani?" Jibu langu halibadiliki. Panga safari yako ukijua kwamba utalichukua mwenyewe. Likipita, heri. Nimefanya kazi ya kupokea abiria na mizigo kaunta kwa miaka mingi, na sijaona ushauri ulionusuru safari za watu wengi kama huu.

Unapokata safari nzima kwa tiketi moja, hata ikiwa na mashirika matatu ndani yake, mashirika hayo yameshaelewana kabla hujafika uwanjani. Yana mkataba wa kupokezana abiria na mizigo, yamegawana nauli, na jina lako lipo katika mfumo wa kila moja. La kwanza linabandika lebo ya mji wa mwisho, la pili linajua kuna begi linakuja. Tiketi zikiwa mbili, mbele ya mashirika hayo wewe una safari mbili zisizojuana. Ya kwanza inaishia pale tiketi inapoishia, na shirika la kwanza halina deni kwako baada ya hapo. Ndege yake ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika la pili litakuhesabu kuwa abiria ambaye hakutokea.

Wengi husoma mahali kwamba mashirika fulani mawili yana mkataba, basi wakatulia. Mkataba unaruhusu mizigo ipokezwe, haulazimishi. Juu ya mkataba kuna sera, na kila shirika lina yake kuhusu tiketi tofauti. Yapo yanayokubali ikiwa shirika la pili ni mwenzao katika muungano mmoja, iwe Star Alliance, SkyTeam au oneworld. Yapo yanayokubali tiketi zao wenyewe tu. Mashirika mengi ya bei nafuu hayapokezani mizigo na mtu yeyote. Ryanair, kwa mfano, huuza safari ya kutoka hapa hadi pale, na begi lako huishia pale. Sera hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo uzoefu wa rafiki yako wa miaka mitatu iliyopita usiutegemee. Soma masharti ya shirika lako la kwanza yalivyo sasa, kwa sababu ndilo litakalobandika lebo.

Ukali huu una historia yake, na ninapowafundisha makarani wapya huanza nayo. Tarehe 22 Juni 1985, mjini Vancouver, Kanada, abiria mmoja alifika kaunta ya CP Air akiwa na safari ya kwenda Toronto, kisha aendelee na Air India. Nafasi yake ya Air India ilikuwa bado haijathibitishwa. Karani akamweleza kwamba begi haliwezi kupitishwa moja kwa moja. Abiria akashikilia, foleni nyuma yake ikazidi kurefuka, hatimaye karani akakubali. Begi likaondoka, mwenyewe hakupanda. Siku iliyofuata bomu lililokuwa ndani ya begi hilo liliilipua ndege ya Air India namba 182 angani karibu na pwani ya Ireland, na watu wote 329 waliokuwamo wakafa. Baada ya msiba huo, na ule wa ndege ya Pan Am namba 103, nayo iliyolipuliwa kwa bomu mwaka 1988, kanuni ya kulinganisha mzigo na mwenye mzigo ilikazwa duniani kote: mwenyewe asipopanda, begi lake nalo lisiende. Kwa hiyo karani akikuambia kwamba haruhusiwi, tafadhali usimbembeleze wala usimfokee.

Kuuliza, hata hivyo, ni haki yako. Fika mapema, kabla foleni haijajaa, ukiwa na tiketi ya pili mkononi. Namba ya kumbukumbu ya nafasi pekee haitoshi, iwepo na namba ya tiketi yenyewe yenye tarakimu 13. Sema kwa ufupi: "Dada, ninaendelea na shirika lingine, tiketi yangu hii hapa. Inawezekana begi lipite moja kwa moja?" Karani ataingiza namba ya ndege ya pili na tarehe, na mfumo utakubali au utakataa. Usilitaje jambo hili baada ya begi kuondoka kwenye mkanda. Kulitafuta begi ndani ya uwanja ili kulibadilishia lebo ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani kabla ndege haijaondoka.

Lebo ikishachapishwa, isome kabla begi halijasogea. Herufi tatu kubwa ni za uwanja wa mwisho wa mzigo. Zilinganishe na tiketi yako herufi kwa herufi: SJC ni San José ya California, SJO ni San José ya Kosta Rika. Ukiona herufi za mji wa kubadilia ndege, begi linaishia hapo, hata kama karani alikuitikia kwa tabasamu. Chini ya msimbopau kuna tarakimu kumi. Ya kwanza huonyesha aina ya lebo, tatu zinazofuata ni namba ya shirika lililoitoa, na sita za mwisho ni za begi lako peke yake. Lebo inapochapishwa, ujumbe wenye tarakimu hizo hutumwa kwenye mfumo wa kupanga mizigo. Begi likifika uwanja wa kubadilia ndege, mashine husoma msimbopau na kuutafuta ujumbe wake. Ukikosekana, begi hutolewa kando lishughulikiwe kwa mkono, na hapo dakika zako ndipo zinapoliwa. Ndiyo maana tarehe iliyoingizwa vibaya kaunta huweza kuliacha begi nyuma, ingawa lebo kwa macho inaonekana sahihi kabisa.

Hata lebo ikiwa ya mwisho wa safari, bado una kazi. Mara nyingi pasi ya kupandia ndege ya pili haitatoka kaunta ya kwanza, kwa hiyo ni lazima ujitokeze kwenye dawati la shirika la pili kabla halijafunga orodha yake. Usipotokea, begi lako linashushwa, kwa kanuni ileile niliyoieleza. Pia zipo nchi ambazo lebo haikusaidii kupita forodha. Marekani ndiyo mfano mkubwa: kwa kawaida, uwanja wa kwanza unapoingilia, unachukua begi lako, unapita nalo forodha, kisha unalikabidhi tena upande wa pili, hata kama safari nzima ni tiketi moja. Waliokaguliwa na maofisa wa Marekani kabla ya kupanda ndege, kama inavyofanyika Dublin na Abu Dhabi, hawapitii hatua hiyo.

Jambo ninalotamani kila msafiri alijue kabla hajalipa ni viza. Kulichukua begi maana yake ni kutoka eneo la wanaobadili ndege, kupita uhamiaji, kwenda kwenye mkanda, kisha kujiandikisha tena kaunta kama msafiri mpya. Yaani umeingia nchini. Nchi nyingi humruhusu mtu kupita bila viza mradi tu asitoke eneo hilo, na ruhusa hiyo huyeyuka pale begi lako linapokungoja upande wa pili wa uhamiaji. Kijana mmoja aliyekuwa anakwenda kuanza masomo alifika kwangu na tiketi mbili, zote halali, na viza ya nchi anayokwenda ikiwa safi. Shirika lake la pili lilikuwa halipokezani mizigo, wala halikuwa na dawati ndani ya eneo la kubadili ndege. Hakuwa na viza ya nchi ya katikati. Tuliangalia Timatic, mfumo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ambao mashirika hutumia kukagua masharti ya hati za safari, na jibu lilikuwa wazi. Wazazi wake walikuwa bado wamesimama mlangoni wakimsubiri awapungie mkono. Hakusafiri siku ile. Nafuu aliyoipata kwenye bei ya tiketi mbili ilikwisha palepale.

Wenye begi la mkononi tu na pasi zote mbili tayari wanaweza kukwepa sehemu kubwa ya usumbufu huu, na kwa safari fupi ndicho ninachopendekeza. Lakini pima begi lako kwa masharti ya shirika lenye kipimo kidogo zaidi. Hata mzigo mkubwa ni hivyohivyo: kilo 23 za tiketi ya kwanza hazimfungi mtu kwenye ya pili, na utalipia kinachozidi.

Muda wa kuunganisha usiuhesabu kwa kiwango cha chini ambacho viwanja hutangaza. Kiwango hicho hakimhesabu mtu anayengoja begi na kupanga foleni upya. Mimi sikubali chini ya saa nne, na kama ndege ya pili ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo, nalala hapo niondoke kesho yake.

Begi lisipotokea mwisho wa safari, usitoke ukumbini. Nenda dawati la shirika lililokuleta mwisho, ripoti, na upewe namba ya faili. Wapelekee kile kipande cha lebo ulichopewa kaunta, maana bila zile tarakimu kumi utafutaji unakuwa wa rangi na umbo tu. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ule wa mataifa kuhusu usafiri wa ndege, malalamiko ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu ulipokee, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu likabidhiwe kwako. Lisipofika kwa siku 21, una haki ya kulidai kama lililopotea. Ukomo wa fidia, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa wenye tiketi mbili kuna ugumu mmoja: mkataba huo huihesabu safari ya mashirika kadhaa kuwa moja pale tu pande husika zilipoichukulia kuwa shughuli moja. Kwa hiyo tunza tiketi zote mbili, pasi zote mbili na picha ya lebo uliyopiga kaunta, na malalamiko yako yaandikie mashirika yote mawili siku hiyohiyo.