Kwa Nini Rimu ya Baiskeli ya Gurudumu Moja Huumia Mahali Palepale

Wapanda baiskeli za gurudumu moja wanaopenda njia za mawe na mizizi huniletea magurudumu yao wakiwa na swali moja: spoku, yaani vijiti vya chuma vinavyoishika rimu kwenye kitovu cha gurudumu, zikazwe kwa kiasi gani? Mimi huwauliza kwanza ni mguu gani unaotangulia wanaporuka na kutua. Baadhi yao hudhani ninakwepa swali, ilhali jibu lao hunieleza, hata kabla sijaligusa gurudumu, ni spoku zipi nitakazozikuta zimelegea na ni wapi rimu itakuwa imebonyea.

Katika baiskeli ya kawaida, mnyororo na friwili (kifaa kinachoruhusu gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia) hutenganisha miguu ya mpanda na gurudumu la nyuma, kwa hiyo sehemu ya rimu inayopokea pigo hubadilika kila mara, na baada ya muda mapigo husambaa kuizunguka rimu nzima. Baiskeli ya gurudumu moja kwa kawaida haina mnyororo wala friwili. Kranki, yaani mikono inayobeba pedali, zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli, ekseli nayo imeshikamana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kwa sababu hiyo kila kranki zinapokuwa katika mkao fulani, sehemu ileile ya rimu ndiyo inayogusa ardhi. Mpanda anayeruka hutua kranki zikiwa zimelala sambamba na ardhi, kwa kuwa huo ndio mkao unaomwezesha kusimama imara juu ya pedali zote mbili na kulizuia gurudumu lisizunguke, na karibu kila mpanda ana mguu mmoja anaoupendelea kuutanguliza. Basi sehemu moja tu, iliyo robo mzunguko kutoka kwenye mstari wa kranki, ndiyo inayopokea pigo la kila mruko. Atakayetaka ushahidi na alitazame tairi lake: meno ya mpira hapo huwa yamelika wakati upande mwingine yangali mazima. Tairi likilika kila mtu huliona. Kinachoendelea chini yake ndicho kisichoonekana mapema.

Ili kuelewa kinachotokea hapo, ni lazima kwanza kukumbuka kwamba spoku huvuta tu, haiwezi kusukuma. Gurudumu linapobeba uzito, rimu hubonyea kidogo sana mahali inapokutana na ardhi, na spoku za hapo hupoteza sehemu ya mkazo wake, huku nyingine zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Spoku ya chuma cha pua yenye unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 260 hivi, ambao ni urefu wa kawaida kwa rimu ya inchi 26, ikivutwa kwa nguvu ya kilo 100 hurefuka kwa takriban milimita 0.4 tu. Pigo likiisogeza rimu kuelekea habu kwa kiasi hicho kidogo, spoku hiyo hubaki bila mkazo wowote, na kwa muda huo mfupi rimu haina kinachoizuia isiende kando. Kama mpanda ametua akiwa ameinama au amepinda kiuno, gurudumu linaweza kujikunja mfano wa tarakimu 8, na likijikunja hivyo kwa kawaida halinyooki tena. Hata lisipojikunja, nati inayoifunga kwenye rimu spoku iliyopoteza mkazo huwa huru kujifungua yenyewe, na nyuzi zake za skrubu ni za karibu milimita 0.45 kwa kila mzunguko, kwa hiyo si lazima ijifungue sana ndipo spoku iwe pambo.

Ndiyo maana ninapendelea spoku zilizopunguzwa unene katikati hadi milimita 1.8, hata kwa mpanda mzito, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka niwaonyeshe hesabu. Kwa mkazo uleule zinarefuka hadi karibu nusu milimita, na hivyo rimu inaweza kubonyea zaidi kabla hazijalegea. Unene wa spoku hubaki kamili kwenye shingo, karibu na habu, ambako spoku nyingi hukatika kwa kuchoka.

Wapo wanaofikiri dawa ni kukaza bila kikomo. Spoku 36 zikikazwa kwa kilo 110 kila moja, rimu yenyewe hubanwa kwa nguvu ya karibu kilo 630 kuizunguka pande zote, na mzigo huo upo hata baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Rimu ya alumini iliyobanwa kupita kiasi huwa karibu zaidi na kujikunja inaposukumwa kando, na matundu ya nati huanza kupasuka. Mimi hukaza hadi kati ya kilo 100 na 120, mradi mtengenezaji wa rimu hakutaja kiwango cha chini ya hapo, kisha hushika spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba na kuzibana kwa nguvu mkononi ili zikae sawasawa kwenye habu, na baada ya hapo hupima upya.

Katika kupima, gurudumu hili lina faida kubwa ambayo mafundi wengi hawaitumii. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya kawaida lina gia upande mmoja, hivyo spoku za upande wa pili ni lazima ziwe na mkazo mdogo zaidi. Habu ya gurudumu moja ina pande zilizo sawa, na spoku zote 36 zinatakiwa kuwa na mkazo mmoja. Tofauti inayozidi asilimia 10 inatoka kwenye rimu au kwenye mkono wa fundi. Asiye na kipimo cha mkazo anaweza kuzichapa spoku kwa kucha na kusikiliza. Mkazo ukipungua kwa asilimia 20, sauti hushuka kwa karibu toni moja nzima, na sikio la kawaida hulitambua hilo. Ninapozunguka gurudumu lililotumika sana milimani, mara nyingi sauti hushuka kwa spoku nne au tano mfululizo, halafu hupanda tena, na zile zilizoshuka huwa ziko robo mzunguko kutoka kwenye kranki.

Hapa ndipo fundi asiyezoea anapoharibu. Akikuta spoku zimelegea, mkono humtuma azikaze. Lakini zimelegea kwa sababu rimu imesukumwa ndani na mwamba na kuwa bapa mahali hapo, na kuzikaza ni kuivuta rimu ndani zaidi, kuelekea kulekule ilikosukumwa. Rimu iliyokuwa bapa inaweza kuwa na mkazo ulio sawa au kuwa ya duara, lakini haiwezi kuwa na vyote viwili. Kama ubapa hauzidi milimita moja, mimi huuacha, huweka mkazo ulio karibu na usawa na kuhakikisha kwamba rimu haiyumbi kando, kwa kuwa tairi pana huumeza ubapa huo bila mpanda kuuhisi. Ukizidi milimita mbili, ninashauri rimu ibadilishwe. Kingo za rimu zilizokunjwa na jiwe ni jambo jepesi: hunyooshwa kwa spana ya kurekebishika iliyofungwa kitambaa, mradi hakuna ufa.

Upepo wa tairi unahusika moja kwa moja. Tairi la inchi 3 ndilo springi pekee ya baiskeli hii mbali na magoti, na wapanda wengi hulijaza kati ya psi 15 na 25 kulingana na uzito wao. Upepo ukipungua mno, jiwe huifikia rimu kupitia tairi, na pancha yenye matundu mawili yaliyo sambamba ni alama kwamba rimu imeguswa. Ukikuta pancha ya namna hiyo, usizibe tyubu na kuondoka. Pitisha kidole kwenye kingo zote mbili za rimu, na ulifanye hilo kabla tairi halijarudishwa.

Kwa kuwa kranki ndizo zinazochagua mahali pa kuumia, zinaweza pia kuhamishwa. Ekseli ya aina iitwayo ISIS ina meno 10 kwenye ncha inayoshika kranki, kwa hiyo kranki zote mbili zikitolewa na kurudishwa jino moja mbele, sehemu ya kutua huhama kwa nyuzi 36 za mzunguko, yaani spoku tatu au nne na zaidi ya sentimita 20 za tairi. Mimi huhamisha meno mawili kwa mara moja, kabla ubapa haujaonekana, na huzikaza upya boliti za kranki baada ya safari ya kwanza. Ekseli ya pembe nne huruhusu robo mzunguko tu, lakini hata hiyo inatosha.

Rimu ikishapasuka kwenye tundu la nati hakuna cha kurekebisha. Ufa huo huwa mwembamba mno kiasi kwamba jicho huupita, mpaka vumbi lijae ndani yake na kuchora mstari mweusi kutoka kwenye tundu kuelekea ubavuni, au nati ianze kuzama. Rimu mpya ikiwa na vipimo vilevile, spoku za zamani zilizonyooka hutumika tena, isipokuwa zile za robo iliyoumia, ambazo huzibadilisha zote. Ninapofunga rimu hiyo, tundu la vali hulipanga sawa na kranki moja, ili kiungo cha rimu, ambacho huwa upande wa pili wa vali, kiwe sawa na kranki nyingine, na mpanda atue mbali na vyote viwili.