Roald Dahl, rubani wa Hurricane: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi wanamjua Roald Dahl kwa vitabu vya watoto. Wachache wanakumbuka kwamba kati ya 1939 na 1941 alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, na kwamba safari hiyo ilianzia Dar es Salaam. Habari zake za vita zinasambaa sana, na zimetiwa chumvi si kidogo. Chumvi nyingine aliitia mwenyewe, maana jamaa alikuwa fundi wa kusimulia na hakuwa na haraka ya kumsahihisha mtu. Bahati nzuri barua zake na kumbukumbu za vikosi zipo. Ukizisoma, ushujaa wa sinema unapungua, lakini habari yenyewe inanoga zaidi.

"Alikuwa mwanajeshi wa kazi aliyetoka Uingereza"

Alikuwa muuza mafuta. Alizaliwa 1916 Llandaff, Cardiff, kule Wales, kwa wazazi waliotoka Norwei. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya Shell, na 1938 akaletwa Tanganyika, akawa anazunguka kwa wateja wa mafuta na vilainishi, na Kiswahili akakishika.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, hakukabidhiwa ndege. Alikabidhiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na kutumwa kulinda barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea kusini, ili Wajerumani waliokuwa mjini wasikimbilie Msumbiji ya Wareno. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, na wengi walikuwa bado wapo na mashamba na biashara zao. Masimulizi aliyoyaandika uzeeni kuhusu siku hiyo yana bastola na damu. Mimi nayasoma kama hadithi tu, si kama ripoti.

Novemba mwaka huohuo aliendesha gari mpaka Nairobi, akajiandikisha RAF. Hapo ndipo alipojifunzia kuruka, kwenye Tiger Moth, ndege ndogo ya wazi isiyo na paa. Urefu wake ulikuwa karibu mita 2, kwa hiyo kichwa kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo, na hewa ya panga la injini ikampiga usoni hadi akashindwa kupumua. Dawa aliyoibuni ni kujifunga kitambaa puani na mdomoni. Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, Iraki, kukamilisha mafunzo. Wengi wa vijana walioanza naye hawakuuona mwisho wa vita.

"Alitunguliwa Libya"

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ina makosa mawili kwa mpigo: hakutunguliwa, na haikuwa Libya.

Tarehe 19 Septemba 1940 alitakiwa kupeleka Gladiator kwenye Kikosi namba 80, kilichokuwa jangwani magharibi mwa Misri. Gladiator ilikuwa ndege ya mtindo wa zamani, yenye mabawa ya juu na ya chini, na hakuna aliyemfundisha kuirusha kabla ya siku zile. Aliondoka Abu Sueir karibu na Mfereji wa Suez, akatua njiani kujaza mafuta, akaelekezwa kiwanja cha mwisho kilipo, kusini mwa Mersa Matruh. Alifika pale alipoelekezwa akakuta mchanga mtupu. Akazunguka, akatafuta, jua likazama, mafuta yakakaribia kuisha. Akaamua kutua jangwani kabla giza halijaingia kabisa. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikajichomeka ardhini kwa pua.

Fuvu lilipasuka, pua ikasagika, macho yakavimba asione kitu. Moto ukashika matenki. Alijikokota kutoka ndani, na nyuma yake risasi za bunduki zake mwenyewe zikaanza kulipuka kwa joto. Alisafirishwa hadi hospitali ya jeshi la majini Aleksandria, akalazwa miezi kadhaa, na kwa wiki nyingi hakuona.

Dahl alishikilia siku zote kwamba alielekezwa vibaya, na kwamba aliangukia eneo lililo katikati ya Waingereza na Waitaliano. Kumbukumbu za kikosi zina lugha nyingine: zinasema rubani hakuwa amezoea kuruka juu ya jangwa, akatua kwa dharura karibu na Mersa Matruh. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuusukuma mzigo kwa mwenzake. Inavyoonekana kwangu, yote mawili yanaweza kuwa kweli: maelekezo mabaya akipewa rubani mgeni, matokeo ni hayohayo. Kuna na jambo moja ambalo masimulizi yake ya baadaye yaliliacha. Hakuwa peke yake. Rubani mwenzake aliyekuwa na Gladiator nyingine alitua salama karibu naye, akakesha naye kwenye baridi ya jangwa mpaka walipookolewa.

Sasa Libya ilitoka wapi? Mwaka 1942 Dahl alikuwa Washington, kwenye ubalozi wa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester alimwomba maelezo mafupi ya ajali ili ayatumie kuandika makala. Dahl akampa habari kamili iliyokwisha kuandikwa, na gazeti la Saturday Evening Post likaichapisha Agosti 1942 kwa kichwa kinachodai alitunguliwa juu ya Libya. Marekani ilikuwa vitani, na wasomaji walitaka shujaa aliyepigwa na adui, si kijana aliyepotea njia akaishiwa mafuta.

"Alirusha Spitfire kuilinda London"

Hapana. Mapambano ya anga juu ya Uingereza yalipamba moto kati ya Julai na Oktoba 1940, na miezi hiyo yeye alikuwa Iraki, kisha Misri, kisha kitandani. Mapigano yake yote aliyapigana ndani ya Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza. Spitfire za kupigana hazikupelekwa nje ya Uingereza mpaka Machi 1942, zilipofika Malta.

"RAF haikumpeleka rubani vitani kabla hajaiva"

Aprili 1941 Dahl alivuka Mediterania kwenda Ugiriki akiwa ameirusha Hurricane kwa muda wa saa 7 tu, na hajawahi kufundishwa kupigana na ndege nyingine angani. Safari yenyewe ilizidi saa 4. Kwa urefu ule, magoti yalikuwa yamebanwa hadi karibu na kidevu, na alipotua Eleusis, nje ya Athens, ilibidi anyanyuliwe kutolewa kwenye kiti.

Wajerumani walikuwa wameivamia Ugiriki tarehe 6 Aprili kwa mamia ya ndege. Waingereza walibakiwa na Hurricane zisizozidi 15 hivi. Tarehe 15 Aprili alitumwa peke yake kulinda meli huko Chalcis, akakuta Junkers Ju 88 sita, ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu. Akazishambulia, akaangusha moja. Kesho yake akaangusha nyingine.

Tarehe 20 Aprili Hurricane zote zilizoweza kuruka ziliondoka pamoja na kukutana na kundi kubwa la Wajerumani juu ya Athens. Siku hiyo alikufa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye huenda ndiye rubani wa RAF aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote katika vita vile. Aliruka akiwa na homa. Idadi yake kamili inabishaniwa hadi leo kwa sababu makaratasi ya kikosi yalipotea wakati wa kurudi nyuma.

"Aliangusha ndege nyingi kupindukia"

Utafiti wa baada ya vita unamhesabia 5, ambazo ndizo zinazotosha rubani kuitwa bingwa wa angani. Kwa siku ya Athens zilitajwa ndege 22 za Kijerumani. Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha hasara ndogo zaidi. Si lazima mtu awe mwongo. Marubani wawili wanaweza kuipiga ndege ileile na kila mmoja akaiandika kuwa yake, na ndege inayofuka moshi ikipotea mawinguni huandikwa kuwa imekwisha ilhali imerudi nyumbani ikichechemea. Majeshi yote ya anga yalikuwa na tatizo hilo.

"Maadui zake walikuwa Wajerumani na Waitaliano tu"

Baada ya Ugiriki kuanguka, Kikosi namba 80 kilijipanga upya Haifa, Palestina, na adui mmojawapo akawa Mfaransa. Syria na Lebanoni zilikuwa mikononi mwa serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani. Tarehe 8 Juni 1941 Dahl aliangusha ndege aina ya Potez 63 ya Wafaransa hao, na tarehe 15 akaangusha Ju 88 nyingine.

Zikawa ndizo za mwisho. Maumivu ya kichwa yaliyotokana na ajali ya Septemba yalirudi kwa nguvu, na akawa anapoteza fahamu akikata kona kali angani. Madaktari wakamrudisha Uingereza.

"Kipigo cha kichwa kilimgeuza mwandishi"

Aliyeianzisha hii ni Dahl mwenyewe, na nadhani aliiamini. Lakini tangu akiwa mtoto wa shule ya bweni alikuwa akimwandikia mama yake barua kila wiki, na aliendelea hivyo Dar es Salaam, Nairobi na Habbaniya, muda mrefu kabla fuvu halijapasuka. Mama alizihifadhi zote.