Mtihani wa kuingia sekondari za ushindani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mtoto akikaa na vitabu saa nyingi, atafaulu.

Ukweli: Kurudia kurasa zilezile humfanya mtoto ajione anajua, hadi swali linapomfika bila kitabu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliofunika kifungu na kujaribu kukumbuka ndio waliobaki nacho. Basi mwambie mwanao afunge kitabu akueleze alichosoma, kisha afungue aone alichosahau. Afanye hivyo kidogo kidogo kwa siku nyingi. Tangu 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alishaonyesha kuwa marudio yaliyotawanywa hushinda yaliyorundikwa siku moja.

Dhana: Afanye mitihani mingi ya miaka iliyopita, basi.

Ukweli: Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema wanapopoteza miezi. Mtihani uliosahihishwa na kuwekwa kando haumfundishi mtoto mengi, kwani kazi yenyewe huanza baada ya alama. Kaeni pamoja, mjiulize kila kosa limetokana na nini. Hakuijua mada? Arudi kwenye somo. Alijibu kisichoulizwa? Ajizoeze kupigia mstari kinachotakiwa. Muda ulimwishia? Ajifunze kuruka swali gumu na kulirudia baadaye. Maswali aliyokosa apewe tena wiki inayofuata, bila kuoneshwa majibu. Mitihani mizima ya kupimiwa saa nashauri isubiri hadi mada nyingi ziwe zimeeleweka. Kabla ya hapo inamtisha tu.

Dhana: Hadithi ni starehe, aziache hadi mtihani upite.

Ukweli: Msamiati na ufahamu hukua kwa kusoma sana. Usimnyang'anye kitabu anachokipenda.

Dhana: Siku za mwisho ni za kukesha.

Ukweli: Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akikesha, umakini hupungua, na aliyoyasoma hayakai vizuri.

Dhana: Akikosa nafasi, hana akili.

Ukweli: Shule hizi zina waombaji wengi kuliko nafasi, kwa hiyo hata mwenye alama nzuri huachwa. Mwambie hivyo mapema, kabla hajaingia chumba cha mtihani, na umweleze shule nyingine mliyoiandaa.