Mtaji wa ubia, kwa aliyezoea kulinda mali za watu

Mtaji wa ubia ni fedha zinazoingizwa katika kampuni changa kwa kununua hisa zake, si kwa kuikopesha. Hakuna riba wala rehani. Kampuni ikifa, fedha zimekwenda. Anayesimamia mali za familia hapa Malindi, kiwanja huku, hatifungani za serikali kule, kazi yake kubwa ni mtaji usipungue. Akihamia mtaji wa ubia atakuta wenzake wameshakubali kuwa kampuni nyingi za mfuko (fedha za wawekezaji zilizokusanywa pamoja) hazitarudisha kitu, na moja au mbili ndizo zitakazozibeba zote.

Hesabu yake ndiyo inayowaponyoka wengi. Chukua mfuko wa shilingi bilioni 1, na kampuni ya kugandisha kamba na kaa Lamu. Mfuko unatoa milioni 30 kwa asilimia 15 ya hisa, yaani kampuni imethaminiwa milioni 200, fedha hizo zikiwemo. Ikikua itatoa hisa mpya: duru mbili, kila moja ikiwapa wawekezaji wapya asilimia 20 ya kampuni, zitaishusha ile 15 hadi 9.6. Ikiuzwa bilioni 2, mfuko unapata milioni 192. Ni zaidi ya mara sita, na bado haijafika moja ya tano ya mfuko. Ili irudishe bilioni nzima peke yake, sharti iuzwe zaidi ya bilioni 10. Biashara kama hiyo yaweza kuwa nzuri sana, yenye faida kusi na kaskazi, lakini inafaa mkopo au mbia mwenye kuridhika na gawio. Mtaji wa ubia utaisukuma ikue kupita soko lake.

Kwa desturi msimamizi wa mfuko hulipwa asilimia 2 ya mfuko kwa mwaka, na asilimia 20 ya faida wawekezaji wakisharudishiwa mtaji. Ni kama jahazi: gharama za safari kwanza, mgao baadaye. Mfuko huendeshwa kama miaka 10, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa kazi uliza ukiondoka mwaka wa tatu unabaki na fungu gani la hiyo asilimia 20.

Mlango rahisi wa kuingilia kazi hii ni kuutafutia mfuko wawekezaji, kwani hao huahidi fedha kisha huitwa kulipa kidogo kidogo, na wewe wajua familia ipi ikiahidi hulipa. Usiwavute wateja wa zamani bila kuwaeleza. Fedha za karo, za matibabu ya mzee au za kumalizia nyumba zisiingie humo: hata msimamizi akitaka kuzirudisha, hana pa kuzitoa kabla kampuni hazijauzwa.