"Zilitolewa chache, na cheti ninacho": dhana potofu kuhusu medali za kumbukumbu za Marekani

Swali ni lile lile, "Medali hizi zina thamani gani?", na kila anayeuliza anaamini yeye ni wa kwanza. Kuna sanduku la mbao lenye mahameli, ndani yake medali 50 au 100 za fedha zenye sura za marais, vita na wavumbuzi wa Marekani. Limetoka kwa mjomba aliyeishi Maryland, au limenunuliwa mnadani. Kabla medali yenyewe haijageuzwa upande wa pili, kinatangulizwa cheti: "Zilitolewa chache tu, soma mwenyewe." Hapo mazungumzo huharibika, maana mwenye sanduku ameshapanga atakachonunua.

"Ni toleo la idadi maalumu, kwa hiyo bei itapanda tu"

Dhana hii imewaumiza watu kuliko nyingine zote, na haiishi. Nitaanza nayo, wala sitaiharakisha.

Kampuni iliyozieneza zaidi medali za namna hii ni Franklin Mint, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Joseph Segel, huko Pennsylvania. Ilikuwa kampuni binafsi. Kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu ni kingine kabisa, na jina lisikuchanganye. Biashara yake ilikuwa ya kujiandikisha: unalipa kidogo kidogo, medali zinakuja kwa posta moja moja au mbili mbili mpaka seti itimie. Seti yake ya historia ya Marekani peke yake ilikuwa na medali 200.

Sasa hiyo "idadi maalumu" ilipatikanaje? Iliwekwa tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Wakijitokeza watu 9,000, zinapigwa seti 9,000, kisha kalibu, yaani mihuri ya kupigia medali, zinaharibiwa. Cheti kinaposema hazitapigwa nyingine, kinasema kweli. Lakini idadi hiyo iliamuliwa na wateja wenyewe: kila aliyeitaka seti aliipata, na mlango ulipofungwa hakubaki mtu nje akiililia. Kitu kikikosa wa kukigombania, uchache wake haumsaidii muuzaji. Na hapa uchache wenyewe haupo.

Halafu kuna bei ya mwanzo. Ilibeba matangazo ya magazetini, malipo ya msanii, sanduku, kijitabu, posta na faida. Siku ya kuuza, hakuna anayekurudishia gharama ya tangazo. Hili halikufichwa: mwaka 1978 kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kiliwaonyesha Wamarekani jinsi wenye seti hizi walivyoshindwa kuziuza kwa bei waliyolipa. Baadaye, Januari 1980, bei ya madini ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa wakia, seti nyingi zilipelekwa kuyeyushwa, kwa sababu chuma chake kilikuwa na bei kuliko medali.

Kwa hiyo anza na mizani. Nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kisha fanya hesabu hii kabla hujampigia mtu simu. Tuseme medali ina gramu 30 na ukingoni imeandikwa STERLING. Hiyo ni fedha ya asilimia 92.5. Zidisha 30 kwa 0.925, unapata gramu 27.75 za fedha halisi. Gawanya kwa 31.1, ambayo ndiyo wakia ya madini ya thamani, unapata 0.89. Ikiwa bei ya siku ni dola 30 kwa wakia, medali ina fedha ya dola 26 na senti kadhaa, na mnunuzi atakata kidogo kwa ajili ya kazi ya kuyeyusha. Kosa linalorudiwa ni kugawanya kwa 28.35, ambayo ni wakia ya kupimia unga. Ukikosea hapo unajiongezea karibu asilimia kumi isiyokuwepo, kisha unamwita mnunuzi mwizi.

Soma ukingo kwa lenzi, usisome cheti. STERLING au 925 ni fedha. "24KT GOLD ON STERLING" pia ni fedha, ila ina ngozi nyembamba ya dhahabu. Ihesabu kama fedha tu. HGE ni maji ya dhahabu juu ya chuma cha bei rahisi. "100 MILLS .999 SILVER" ndiyo mbaya kuliko zote, maana mtu huiona 999 akafurahi, kumbe maandishi yanataja unene wa tabaka la juu. Na tangazo likijisifu kwa miligramu 31 za dhahabu safi, kumbuka kwamba hiyo ni sehemu moja ya elfu ya wakia. Dhahabu ikiwa dola 2,000 kwa wakia, umenunua dhahabu ya dola mbili.

Ukingo ukiwa kimya, pima msongamano. Pima medali ikiwa kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga medali kwa uzi, izamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, kisha soma namba. Gawanya uzito wa kavu kwa namba hiyo. Gramu 30 kwa 2.9 ni 10.3, hiyo ni fedha ya STERLING. Ukipata karibu 8.8 ni shaba, na karibu 7.3 ni bati. Kipimo hiki hakifai kwa medali yenye uwazi ndani, yenye rangi ya kupakwa au iliyotiwa kwenye fremu, na viputo vya hewa vikiganda juu yake vitakudanganya.

Basi ni zipi zinazotafutwa kweli? Mfano ninaoupenda ni medali ya kuapishwa kwa Theodore Roosevelt ya mwaka 1905. Rais hakuridhika na ile ya kamati ya sherehe, akamwomba mchongaji Augustus Saint-Gaudens. Mchongaji mwenzake Adolph Weinman akafinyanga mfano, na kampuni ya vito ya Tiffany wakazimimina kwa shaba, mia na ishirini na ushee tu. Ni shaba, nasisitiza, na watu wanaigombania kwa sababu ya mkono uliochonga na siku inayokumbukwa. Hata ndani ya masanduku ya miaka ya 1970, zenye kupata mnunuzi kwanza ni zile zinazogusa watu wanaokusanya jambo fulani: safari za anga, reli, historia ya Wamarekani weusi. Kwa hiyo usikubali kuuza sanduku zima kwa kilo kabla hujaangalia kila moja.

"Imeandikwa 1801, basi ina zaidi ya miaka 200"

Tarehe iliyo usoni ni ya tukio. Medali ya amani ya Thomas Jefferson, yenye mikono miwili iliyoshikana na maneno PEACE AND FRIENDSHIP, ilitengenezwa kwa fedha ili wapewe viongozi wa Wahindi Wekundu. Wapelelezi Lewis na Clark walizibeba katika safari yao ya kuvuka bara. Za asili zilikuwa maganda mawili membamba yaliyounganishwa kwa pete, ndani wazi. Ile nzito ya shaba ya milimita 76 ambayo kila mtu anaitoa kabatini ni nakala ambayo kiwanda cha serikali kiliwauzia wakusanyaji kwa vizazi kadhaa. Ni ukumbusho mzuri, lakini si ile.

Ni hivyo hivyo kwa medali ya uhuru wa Marekani, Libertas Americana ya 1783, aliyoichonga Augustin Dupré kwa wazo la Benjamin Franklin. Za asili zina ukingo mtupu. Ukiona kijipembe kilichojaa matunda pamoja na neno BRONZE au ARGENT ukingoni, hiyo ni kazi ya kiwanda cha Paris kuanzia mwaka 1880 kuja huku.

"Ni medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani"

Ya dhahabu hupewa mheshimiwa mwenyewe, au familia yake. Nelson Mandela alipewa mwaka 1998, Rosa Parks mwaka 1999. Kiwanda cha serikali huuza nakala za shaba, za inchi 3 na inchi 1.5, kwa yeyote anayetaka. Shaba hiyo ni asilimia 90 shaba nyekundu na 10 zinki, ndiyo maana ikiwa mpya inawaka manjano. Na usiichanganye na Medal of Honor, nishani ya ushujaa wa kijeshi: hiyo kuiuza au kuinunua ni kosa kwa sheria ya Marekani.

"Hii ina fedha iliyofika mwezini"

Medali kadhaa za fedha zilisafiri na chombo cha mwezini cha Apollo 14 mwaka 1971, kisha baadhi zikayeyushwa na kuchanganywa na fedha nyingine nyingi ili zipigwe vimedali vidogo kwa maelfu. Chembe ipo, lakini ni chembe. Medali za kampuni ya Robbins zenye namba, zilizobebwa nzima nzima na wanaanga, ni habari nyingine.

"Sarafu ya Obama ni mali"

Hizi zimejaa Kenya, kwa sababu ndugu walioko Marekani walizituma kama zawadi baada ya 2008. Nyingi ni nusu dola ya Kennedy iliyobandikwa picha ya rangi. Nusu dola za mzunguko wa kawaida tangu 1971 hazina fedha ndani yake, na kwa mkusanyaji sarafu iliyobandikwa picha ni sarafu iliyoharibiwa. Kama unataka kitu cha Obama cha kumwachia mtoto, tafuta medali ya shaba ya kiwanda cha serikali. Haitakutajirisha, lakini imechongwa, haikubandikwa.

"Imefifia, isuguliwe kwanza"

Tafadhali, usiiguse. Weusi ulioko kwenye mabonde ya sura ya medali ya shaba haukuletwa na uchafu: fundi aliuweka kwa dawa yenye salfa, akafuta sehemu za juu ili sura ijitokeze, kisha mara nyingi akapaka vanishi. Brasso, ndimu na majivu vinaondoa kazi hiyo kwa dakika mbili na hakuna anayeweza kuirudisha. Kwa fedha yenye uso wa kioo hata kitambaa laini huacha mikwaruzo. Kama kuna vumbi, tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, bila kusugua, kisha gusisha pamba ikauke. Shika ukingo tu.

Ute wa kijani unaonata unatokana na vifuko vya plastiki laini ya PVC. Kwenye fedha isiyo na rangi unatolewa kwa asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ina mafuta. Kwenye shaba yenye vanishi usithubutu, vanishi itatoka nayo. Unga wa kijani hafifu kwenye shaba ni jambo jingine na baya zaidi: ni kloridi inayokula chuma, na hewa ya chumvi ya pwani inaichochea. Itenge medali hiyo na wenzake, na zilizobaki zihifadhi katika karatasi ya poliesta, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vile vifuko vya jeli ya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wakati wa masika, vibadilishe kila mwezi.